Casio AE-1200 na Seiko 5 GMT: miezi minane na saa za kanda nyingi hapa Dar

Mwaka jana mwezi wa tisa nilipoteza nafasi ya mzigo kwenye kontena kwa sababu ya maneno mawili tu, "saa tatu". Mi nauza mabegi Kariakoo, mzigo wangu unatoka Guangzhou, na kule nina kijana wa Kitanzania anayenikagulia na kuongea na wenye viwanda maana Kichina sikijui. Akaniandikia wasapu, dada kesho saa tatu asubuhi tuongee na mwenye kiwanda tumalize hela kabla gari halijaja kubeba. Nikamjibu sawa. Saa tatu asubuhi yangu mi ni hii ya Dar, nimeshafungua duka na chai nimeshakunywa. Yake ilikuwa ya kule alipo, ambayo huku ni saa kumi alfajiri, nimelala na simu nimeiweka kimya. Nilivyoamka nikakuta simu nne sijapokea na meseji moja kwamba nafasi amepewa mtu mwingine. Nikasubiri wiki tatu kontena lingine, na huo ndo ulikuwa mzigo wa kufungua shule Januari.

Simlaumu yule kijana hata kidogo, kila mtu alikuwa sahihi kwake. Ila siku ile nikasema hapana, lazima niwe na kitu mkononi kinachonionyesha muda wa kule bila kupiga hesabu. Mwezi wa kumi nikanunua Casio AE-1200, na mwezi wa kumi na mbili binamu yangu akaniletea kutoka Dubai Seiko 5 GMT, yaani saa yenye mshale wa ziada wa kuonyesha muda wa kwingine. Nimezivaa zote mbili kwa zamu mpaka leo, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiishi.

Najua kuna mtu atasema simu si ina saa ya dunia, ya nini kununua saa. Ni kweli ipo na mi nilikuwa naitumia. Lakini jamani, umesimama kwenye mwendokasi asubuhi umebanwa kila upande, utatoa simu ukaanze kufungua programu? Au uko dukani mikono yote imebeba mabegi na mteja anakungoja. Halafu ukishaishika simu kwa ajili ya kuangalia muda unakuta meseji kumi na mbili na kile ulichotaka kuangalia umesahau. Saa ya mkono unageuza kiganja umemaliza.

Kabla sijaongelea saa zenyewe niseme jambo moja, maana bila hilo mtu atanunua na bado atachanganyikiwa. Sisi tuna matatizo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni la kila mtu duniani, kwamba Dar tuko saa 3 mbele ya Greenwich na wenzetu wako kwingine. Guangzhou ni saa 5 mbele yetu, na China nzima pamoja na ukubwa wake wanatumia saa moja tu. Dubai na Muscat ni saa 1 mbele. India ni saa 2 na nusu, hiyo nusu tutairudia. London wako nyuma yetu saa 3 wakati wao wa baridi na saa 2 wakati wa joto. Houston alipo dada yangu ni saa 9 nyuma wakati wa baridi, 8 wakati wa joto.

La pili ni letu wenyewe, tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mshale uko kwenye 7 sisi tunasema saa moja, na wala hatufikirii, mtoto wa darasa la pili anaweza. Na ina maana yake kabisa, huku karibu na ikweta jua linatoka karibu muda uleule mwaka mzima, linapishana kidogo sana, kwa hiyo kuanza kuhesabu hapo ni akili. London Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi, Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wale wakihesabu kama sisi watagombana. Shida inakuja unapomwandikia mtu aliye nje "saa tatu", maana hapo kuna saa tatu yetu ya Dar, saa tatu ya Kiswahili ya kule alipo, na 3:00 ya Kizungu, na zote zina asubuhi na usiku. Siku hizi mi naandika tarakimu na mji, "9:00 ya Dar", na hilo peke yake limeniokoa mara nyingi kuliko saa yoyote.

Haya, tuanze na Casio.

AE-1200 ni ile ya mraba ya plastiki yenye ramani ndogo ya dunia juu kulia na kale kasaa ka mishale ka kuchora juu kushoto. Ni ya dijitali yote, hata ile mishale ni michoro ya kwenye skrini. Ni nyepesi sana, gramu 39, unasahau kama umevaa. Inahimili maji mita 100, nimeenda nayo Kigamboni baharini mara kadhaa nikaisuuza tu na maji ya bomba. Betri kampuni inasema miaka 10. Nilinunua Kariakoo kwa laki moja na ishirini baada ya kubembelezana, alianzia laki na nusu.

Ndani yake ina miji 48 na inabeba saa nne kwa pamoja, ya kwanza ya nyumbani na tatu za kwingine unazochagua mwenyewe, unabonyeza unaziona moja moja. Miji imeandikwa kwa herufi tatu kama za kwenye tiketi ya ndege. Hapa ndo wengi wanakwama, unatafuta Dar haipo, unatafuta Nairobi haipo. Usihangaike, tafuta JED, hiyo ni Jeddah, nao wako saa 3 mbele ya Greenwich kama sisi na hawana mambo ya kubadilisha saa katikati ya mwaka. Mimi ya nyumbani ni JED. Guangzhou nayo haina jina lake, nimeweka BJS ya Beijing au unaweza HKG, ni saa ileile. Houston nimeweka CHI ya Chicago kwa sababu wako ukanda mmoja. Ya mwisho nimeweka DXB ya Dubai.

Nilivyoanza kuitumia ndo nikaona biashara yangu ilivyokuwa inakwenda kombo. Kiwanda kinafungua 9:00 kinafunga 18:00 za kule. Kwa Dar hiyo ni saa kumi alfajiri mpaka saa saba mchana. Na katikati wanakula na kupumzika, huku kwetu ni kama saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi, wakati mwingine saa tatu. Maana yake mimi niliyekuwa nafika dukani saa tatu, napanga vitu, nahudumia wateja wa asubuhi, halafu nakuja kuwatafuta Wachina saa saba na nusu nikasema hawa watu hawapokei simu! Walikuwa wameshaenda nyumbani. Dirisha langu la kuongea nao ni saa tatu mpaka saa saba, basi. Sasa hivi kabla sijafungua hata kufuli naangalia mkono, kama ni 14:00 kule nawapigia kwanza ndo mambo mengine yafuate.

Kasoro za Casio zipo na nizitaje. Taa yake ni hafifu, inawaka upande mmoja tu, usiku gizani unaona saa ila zile herufi za mji mpaka ukaze macho. Kioo ni cha plastiki kinachubuka, changu kina mikwaruzo mitatu tayari ya zipu za mabegi. Mkanda wake wa mpira kwa joto la Dar Februari unatokwa jasho mpaka ngozi inawasha, nimeubadilisha nikaweka wa kitambaa. Na kubwa zaidi, haijui kubadilisha yenyewe zile saa za msimu wa joto. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, Uingereza wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwenye Casio unaingia kwenye ule mji unawasha alama ya DST mwenyewe. Ukisahau umeharibu.

Mi Machi nilisahau. Dada yangu ni nesi Houston anaingia zamu ya usiku, anatoka saa moja asubuhi ya kule. Wakati wa baridi nilikuwa nampigia saa kumi jioni yetu, ndo anatoka kwenda kwenye gari tunaongea mpaka anafika nyumbani, ni muda wetu huo. Machi ikapita ile Jumapili, mimi na saa yangu tuko vilevile napiga saa kumi, kumbe kwake ni saa mbili, ameshafika, ameoga, amelala. Nimemwamsha siku tatu mfululizo na yeye kwa upole hasemi, ya nne akaniambia mdogo wangu huku saa zimebadilika. Iliniuma. Sasa nimeweka kikumbusho kwenye simu kwa zile tarehe nne, na kama una watu Marekani na Uingereza wote kumbuka kuna kama wiki mbili tatu Machi Marekani wameshabadilisha na Uingereza bado.

Seiko sasa. Yangu ni SSK001, ile nyeusi yenye mshale mwekundu, ilitoka 2022 pamoja na ya bluu na ya rangi ya chungwa. Hii ni otomatiki, haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ina mishale minne, ya saa, dakika, sekunde, na huo mwekundu ambao unazunguka mara moja kwa saa 24 badala ya mara mbili. Nje kuna ringi yenye namba mpaka 24, nusu ya kijivu nusu nyeusi, kijivu ndo mchana nyeusi ndo usiku. Binamu alinunua, mpaka inafika mkononi mwangu ilikuwa kama milioni moja na laki mbili.

Aisee huo mshale mwekundu umenifundisha kitu ambacho namba za Casio hazikunifundisha. Ukiona 3:00 kwenye skrini unasoma namba halafu ubongo ndo unatafsiri, ni usiku au mchana. Kwenye Seiko mshale umelalia kwenye nyeusi, huhitaji hata kusoma, unajua huyu mtu kalala usimpigie. Nilimwekea dada huo mshale, Houston tu, na kila nikiangalia saa yangu ya kawaida namwona na yeye pembeni yuko wapi kwenye siku yake. Anatoka kazini, analala, anaamka. Sijui nielezeje, kuna ukaribu fulani.

Hizi saa za mshale wa nne zina historia ya marubani. Miaka ya 1950 ndege za abiria zilianza kuvuka bahari na mabara kwa masaa machache na watu wakawa hawajui tena ni saa ngapi wapi. Kampuni ya Glycine walitoa saa ya Airman mwaka 1953, na Rolex wakatengeneza GMT-Master katikati ya miaka hiyo kwa ajili ya marubani wa Pan Am. Kabla yao, 1931, kuna fundi wa Geneva anaitwa Louis Cottier alibuni saa ya mfukoni yenye miji mingi imeandikwa kuzunguka, unaona dunia yote kwa pamoja. Na Casio yenye miji 48 ukiifikiria ni mjukuu wa wazo la Cottier, Seiko ni mjukuu wa wale marubani. Moja inakuonyesha dunia nzima kwa juu juu, nyingine inakushikia sehemu moja vizuri.

Kuitumia ni hivi. Kile kitufe cha pembeni ukikivuta mara moja, ukizungusha upande mmoja unabadilisha tarehe, ukizungusha upande wa pili mshale mwekundu unaruka saa moja moja peke yake bila kugusa mingine. Ukivuta mara ya pili sekunde zinasimama unarekebisha saa yenyewe. Kuna aina nyingine za GMT, za bei ya juu mara nyingi, ambapo kinachoruka ni mshale wa saa wa kawaida na mwekundu unabaki. Hizo zinamfaa anayesafiri kila wiki, anashuka tu uwanjani anarusha mshale wake wa saa. Hii Seiko inamfaa aliyekaa Dar na watu wake ndo wako mbali, yaani mimi. Usikubali muuzaji akuambie moja ni halisi na nyingine siyo, inategemea nani anasafiri.

Ukitaka ukanda wa tatu unatumia ringi. Mfano mshale mwekundu uko China na unataka Dubai ambao wako nyuma ya China saa 4, unazungusha ringi kwenda kulia kwa nafasi 4 za saa, sasa mshale uleule unakusomea Dubai. Ringi yenyewe haina mlio wala meno inateleza tu, kwa hiyo unalenga kwa macho, na ukiigusa kwenye mlango wa daladala inaweza kusogea. Nilishakuta imehama bila kujua. India pia ni tabu, mshale unaruka saa nzima na India ina nusu. Shangazi alipokuwa Chennai anatibiwa Januari ilibidi ile nusu niiongeze kichwani, wakati Casio unaweka DEL imekwisha, nusu imo humo humo.

Kasoro nyingine ya Seiko ni kwamba ukiivua inakaa na nguvu masaa 41. Nikiivua Ijumaa saa tatu usiku, Jumapili saa nane mchana imekufa, Jumatatu asubuhi nina haraka ya kwenda dukani naanza kupanga saa, tarehe na mshale mwekundu, na tarehe ujue iko asubuhi au usiku usije ukaikuta inabadilika saa sita mchana. Yangu inawahi kama sekunde 12 kwa siku, kampuni yenyewe inaruhusu mpaka 45 kuwahi na 35 kuchelewa kwa siku, kwa hiyo iko vizuri ila kwa wiki ni dakika na zaidi. Na ni kubwa, milimita 42.5, nene, kwa mkono wangu mwembamba wa kike inakaa kama kibandiko. Naipenda hivyohivyo, ila dada zangu mjaribu kwanza kabla ya kutoa hela. Kupunguza mkanda wa chuma nilienda kwa fundi mzee anayekaa na kimeza chake maeneo ya Posta, akatoa pingili tatu kwa mkono usiotetemeka, akanirudishia zile pingili kwenye kabahasha akasema mwanangu hizi zitunze, ukinenepa utazihitaji. Watu kama wale tuwape kazi jamani, wanajua wanachofanya.

Kuhusu kununua Kariakoo, feki zipo nyingi na za Casio hii zimezagaa mno. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliniuzia ya elfu thelathini na tano akaapa ni orijino, nilivyofika nyumbani kubadilisha mji ramani imebaki vilevile haitingishiki, kumbe ni picha tu imechapwa. Nilimrudia akakataa kabisa hata kuniangalia. Kwa hiyo kipimo changu ni hicho, kabla hujalipa mwambie akupe saa mkononi, ingia kwenye saa ya dunia, badilisha miji mitano sita. Ya kweli kila ukibadilisha mji sehemu ya ramani inabadilika kufuata ukanda wa huo mji. Kama haibadiliki rudisha. Angalia pia namba ya mfano mgongoni, na maandishi yawe yamechongwa vizuri siyo kupakwa. Na uombe risiti, hata ya mkono.

Kama una hela ya saa moja tu na wewe ni mfanyabiashara mwenye watu China, Dubai, Uturuki, nunua Casio, sina wasiwasi na hilo hata kidogo. Laki na ushee inakufanyia kazi ambayo Seiko ya milioni haiwezi. Seiko nunua kama una sehemu moja tu ya mbali iliyo moyoni mwako, mtoto anasoma nje, mume yuko meli, dada kama wangu, na unapenda kitu kizuri cha kukaa nacho miaka.

Sasa kuna kitu nimekigundua na Casio ambacho sijaona mtu akikisema, na ndo kilichonifanya nikae kuandika yote haya.

Mama yangu anakaa Mbagala, ni mtu wa Kilwa, na siku zote analalamika hizi saa za dijitali hazisemi ukweli, inaandika 8:15 wakati ni saa mbili na robo. Kwenye saa ya mishale hana shida, anasoma mshale wa upande wa pili kama sisi sote, lakini namba zilizoandikwa zinamchanganya na macho siku hizi yanamsumbua. Siku moja nikawa napitisha miji nacheza nayo, nikafika TYO, Tokyo. Wako saa 6 mbele yetu kamili, hawabadilishi mwaka mzima. Dar ilikuwa 7:00 asubuhi na kwenye skrini, kwa mfumo wa saa 12, ikaandika 1:00. Saa moja! Nikakaa kitako. Tokyo kwa namba zao wanasoma saa yetu ya Kiswahili kila dakika ya kila siku.

Nikanunua nyingine kwa ajili ya mama. Nikaiweka kwanza JED na saa sahihi ya Dar, halafu nikabadilisha mji wa nyumbani kuwa TYO na mfumo wa saa 12. Kuna ile herufi P inayotokea kwenye kioo, nikadhani itamchanganya, nikaifuatilia siku nzima. P inatokea saa kumi na mbili asubuhi na inaondoka saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mchana wa Tokyo wa saa sita ndo asubuhi yetu na usiku wao wa manane ndo magharibi yetu. Kwa hiyo P ikiwepo ni mchana, isipokuwepo ni usiku, vilevile tunavyogawa sisi, kumi na mbili za kweupe na kumi na mbili za giza. Alamu nayo inafuata saa hiyohiyo, nikamtegea 11:00 bila P, saa kumi na moja alfajiri, ikalia saa kumi na moja alfajiri.

Nikampelekea Jumatano. Shikamoo mama, marahaba, zawadi hiyo. Akaivaa akaisoma mwenyewe bila miwani wala mjukuu, saa tisa na dakika ishirini, akatikisa kichwa akasema hii sasa ndo saa.

Kesho yake Alhamisi jioni ananipigia, sauti ya wasiwasi. Mwanangu hii saa imeharibika, mtoto kanisomea hapa imeandika FRI anasema ni Ijumaa, na leo si Alhamisi? Nikaangalia ya kwangu, saa kumi na mbili na dakika kumi. Nikawa nataka kumweleza habari za Tokyo kwamba kule usiku wa manane umeshapita na tarehe imegeuka, nikanyamaza kidogo, maana na mwadhini wa mtaani kwake nilikuwa namsikia kwenye simu anaadhini magharibi. Mama naye akanyamaza. Halafu akasema, ah, kumbe. Usiku wa Ijumaa umeingia. Nikamsikia anamwita mjukuu alete chetezo na udi.